Barza Yenye Mlango

Mwaka 2019, katikati ya kipupwe, nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita na mjane wa mwaka wa tatu, nilisoma kwenye simu yangu neno ambalo sikutarajia kulipata kutoka kwa mtu yule. Ilikuwa Jumanne, tarehe 9 Julai, nami nilikuwa uani nikianika kanga. Niliketi juu ya kinu kilichofudikizwa, nikalisoma tena, kisha nikainuka, maana kukaa sikuweza.

Neno lenyewe lilikuwa kiingilio.

"Kuanzia tarehe mosi Agosti," aliandika, "kila atakayetaka kuingia barzani, kusoma, kuandika, au kusikiliza sauti zilizohifadhiwa, atatoa kiingilio cha kila mwezi. Asiyetoa hataingia." Hakutia salamu mwanzoni wala dua mwishoni. Jina pia hakulitia, na hapakuwa na haja: katika Chake Chake nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyeweka mkato kila mahali mkato unapostahili.

Nitamwita Mwalimu, kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo, hata wale ambao hawakupata kukaa mbele yake darasani. Habari za kuzaliwa kwake na za wazee wake nawaachia wenyewe. Mimi nitasema niliyoyaona, na nitayasema kama yanavyonijia, maana mtu huyu kila nikimpanga kwa mfululizo hunitoroka.

Nilianza kumjua mwaka 1996. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mke wa mtu, mama wa watoto, na nilikuwa sijui kuandika zaidi ya jina langu. Nikaingia darasa la watu wazima lililokuwa likisomeshwa baada ya sala ya alasiri. Wanawake wa rika langu walisema nimepatwa. Mume wangu alisema, "Nenda," neno moja, kwa kuwa alikuwa na kigugumizi na hakupenda kutumia maneno mawili pale moja linapotosha. Mwaka 2002 nilifaulu mtihani wa kidato cha nne. Nalisema hili bila haya, kwa sababu sikupewa na mtu.

Darasani, Mwalimu hakutuita kwa majina. Alituita kwa mahali tulipokaa. Alisema mtu mzima hawezi kukosolewa huku jina la babake likitajwa. Heshima ya marehemu itavunjika kwa sababu ya irabu moja. Basi mimi nikawa Bi Dirishani. Shoga yangu, mshonaji wa nguo, alikaa karibu na mlango ili awahi kutoka mteja wake akimwita, akawa Bi Mlangoni. Miaka ishirini na zaidi baadaye, sokoni mbele ya watu, bado alituita hivyo hivyo, na wauza samaki nao wakaanza kuniita Bi Dirishani wasijue kwa nini.

"Nimechelewa kidogo, Mwalimu," Bi Mlangoni aliwahi kumwambia, akiingia na tepu ya kupimia shingoni.

"Umechelewa," akasema Mwalimu bila kugeuka ubaoni. "Hilo la kidogo ni maoni yako."

Hivyo ndivyo alivyokuwa na maneno. Aliyashika moja moja, kama mwanamke anavyoshika mayai dukani na kuyatazama mwangani. Ukisema "watu wote walikuja," alikuuliza ni nani aliyebaki na wagonjwa. Ukisema "sijambo sana," aliuliza hiyo sana imetoka wapi. Wengine waliona ni kero. Mimi nilikuja kwake nimeshiba miaka ya kuambiwa maneno yangu hayana uzito, na hapa palikuwa na mtu aliyeyapima yote, hata ya kijinga. Nilimpenda kwa hilo, kama mwanafunzi anavyompenda mwalimu, na hasira niliyokuja kuwa nayo baadaye ilitokana na mapenzi hayo.

Alikuwa mrefu, mwenye mwavuli mweusi alioutundika nyuma ya kola ya kanzu yake, ukining'inia mgongoni hata siku za jua kali. Kanzu yake ilipigwa pasi hata alipokwenda kununua mkaa. Sukari aliipima. Mgeni akipewa chai kwake, kijiko kilisawazishwa kwa mgongo wa kisu, na hakuna aliyethubutu kuomba cha pili. Lakini mtu huyo huyo, mgonjwa akilala Hospitali ya Chake Chake bila jamaa wa karibu, alikwenda kukaa naye mchana kutwa, akimsomea gazeti la juzi na kumsahihisha mwandishi papo hapo. Alichukia udaku, na hakuna habari ya mji isiyomfikia. Zaidi ya yote, darasani alitutaka tumpinge. "Nipingeni," alikuwa akisema, "mkikubali kila neno langu mimi nitajuaje kama nasomesha watu?" Nje ya darasa ukimpinga, aliutungua mwavuli mgongoni, akaufungua hata kama hakuna mvua, akaondoka.

Miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi haikuwa rahisi kwetu. Aliyeishi Pemba anaijua, na asiyeishi haitamfaa nikimweleza nusu. Kwa ufupi: watu waliacha kuamkiana. Duka la mtu wa chama kile halikununuliwa kitu na watu wa chama hiki. Ndugu wa tumbo moja walipishana njiani kama wageni. Lililouma kuliko yote, watu walisusiana maziko. Mtu akifa, jirani wa ukuta mmoja hakwenda, kwa sababu ya kadi aliyokuwa nayo marehemu.

Mwalimu alikwenda kote. Alimzika wa huku asubuhi, akamzika wa kule jioni, na mwavuli wake mgongoni ulionekana kaburini kila mahali. Pande zote mbili zikamwona msaliti. Nilikuwapo siku kijana mmoja alipomsimamisha mbele ya duka la mkate.

"Mwalimu weye uko upande gani hasa? Jana tumekuona kule."

"Jana nilikwenda kuzika mtu," Mwalimu akamwambia. "Sikwenda kuzika kadi."

Kijana alimpisha njia. Lakini miezi mingi baada ya hapo Mwalimu alinunua mkate wake mbali, kwa miguu, kwa sababu pale dukani hawakumuuzia tena. Hakupata kulalamika. Alisema mkate wa mbali una chumvi ya kutosha.

Nayasema haya ili ijulikane barza ilitoka wapi.

Mwezi Februari mwaka 2014, akiwa amekwisha kustaafu, alifungua kikundi cha kwenye mtandao na kukiita Barza. Kilikaa ndani ya programu ya simu ya kampuni moja ya mbali, na kilikuwa na ghala ambamo sauti zetu zilihifadhiwa, mtu akitaka kuzisikiliza baada ya miaka azikute. Sharti lilikuwa moja: siasa za vyama zibaki nje. Alituandikia kwa nini amechagua jina lile. Barza, alisema, ni yale mawe mbele ya nyumba ambayo apitaye hukaa, na hakuna aliyewahi kuona barza yenye mlango.

Akaongeza kwamba humo tutakula kikoa. Kwa asiyejua, kikoa ni chakula cha zamu: leo napika mimi, kesho unapika wewe, na wote tunakula sinia moja, hakuna mwenyeji wala mgeni. Kikoa chetu kilikuwa cha maneno. Kila Alhamisi mmoja wetu alikuwa na zamu ya kuweka sauti yake, aeleze jambo analolijua. Bi Mlangoni alieleza namna ya kukata kanzu bila kupoteza kitambaa. Mzee mmoja wa Makoongwe alieleza majina ya miamba ya kwao. Mimi nilieleza namna ya kutambua karafuu iliyoanikwa vizuri kwa kuivunja tu kidoleni. Wapemba walioko Maskati, ambao hawajaliona jamvi la karafuu tangu utotoni, walituandikia kwamba wanalia kazini.

Humo pia ndimo tanzia zilimopitia. Mtu akifa Mkoani, wa Konde alijua kabla ya maiti kuoshwa. Maziko yalijaa tena. Watu ambao miaka ishirini nyuma hawakuamkiana walibeba jeneza moja, kwa sababu habari ilimfikia kila mtu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa. Mwalimu alizisahihisha tanzia nazo. Mtu mmoja alipoandika kwamba mjomba wake amefariki ghafla baada ya kuugua muda mrefu, Mwalimu alimwandikia chini yake: "Pole sana. Ghafla, au muda mrefu? Chagua moja." Mfiwa alikasirika, halafu, alituambia mwenyewe baadaye, alicheka mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Hamna sauti aliyoiacha bila kuikosoa, isipokuwa za mume wangu.

Mume wangu alikuwa mchoma chokaa. Mbele za watu hakusema. Harusini, vikaoni, msikitini, alikaa mwisho na kutikisa kichwa, kwa sababu ya kigugumizi. Zamu yake ilipofika, nilidhani ataniomba niseme kwa niaba yake. Badala yake alichukua simu, akaenda kukaa kwenye tanuri lake, akaeleza namna magogo yanavyopangwa, namna mawe yanavyopandishwa juu yake, na namna mchomaji anavyojua kwa rangi ya moshi kwamba jiwe limeiva. Alikwama kwenye kila herufi ya ba. Hakurudia, hakufuta. Mwisho wa sauti ile nasikika mimi kwa mbali nikimwita aje anywe chai, na yeye anasema, "Nakuja, Bi-bi-bibi, n'nazungumza na watu." Nilikuwa sijapata kumsikia akisema maneno yale maishani mwetu: anazungumza na watu. Baada ya hapo alichukua zamu kila alipopewa, na za wengine waliokosa. Mwalimu, mtu wa kukosoa tanzia, hakumwandikia hata mara moja zaidi ya neno hili: "Tumesikia."

Mume wangu alifariki Ijumaa, tarehe 17 Machi 2017. Simu yake ilikuwa imekwisha kuliwa na vumbi la chokaa. Sauti zake hazikuwa kwangu, kwa maana sikupata kuziweka mahali pengine. Nani huweka akiba ya pili ya kitu kilichomo nyumbani mwake? Zilikuwa barzani. Jioni baada ya magharibi nilikuwa nikifungua, nikamsikiliza akieleza moshi, nikajisikia mimi mwenyewe nikimwita, naye akiniitika.

Sasa mtu anielewe niliposoma neno kiingilio.

Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo. Kwa mwezi hakikufikia bei ya kilo ya sukari. Hili lazima liwekwe wazi, maana waliotutazama kwa nje walidhani tumegomba kwa ubahili. Bi Mlangoni alinipigia simu kabla kanga zangu hazijakauka.

"Umeona? Kiingilio! Kwani sie tunakwenda Gombani kutazama mpira?"

"Nimeona."

"Ati asiyetoa hataingia. Kuingia wapi? Mie n'mo ndani tangu 2014! Mtu aliyemo ndani anaingiaje, hebu nambie weye uliyefaulu."

"Muulize aliyetusomesha."

"N'tamuuliza nini miye? Kaniambia mie kuchelewa ni kuchelewa. Basi na kufukuza ni kufukuza."

Ijumaa ya wiki ile, tarehe 12 Julai, baada ya watu kutoka msikitini, nilikwenda kwake. Mkewe alinitilia chai akatuacha. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na watu walipita wakitusalimu.

"Umekuja kugomba, Bi Dirishani," alisema.

"Nimekuja kuuliza, Mwalimu."

"Uliza."

"Kimekuwaje?"

Akanieleza. Kampuni yenye mtambo ilitupa mahali bure tulipokuwa wachache. Sasa barza imekuwa kubwa na sauti zimejaa, na mwanzoni mwa mwaka wamebadili masharti: vikundi vikubwa vilipiwe. Tangu Januari alikuwa analipa yeye, na pensheni imemshinda.

"Kwa nini hukutwambia Januari?"

"Ningeliwaambia mngelisema nini?"

"Tungelisema tutatoa."

"Basi mnagomba nini, ikiwa jibu ni lile lile?"

"Kwa sababu jibu lilikuwa letu, ukalijibu weye." Nikaendelea. "Na hata hivyo, kwa nini hukusema mchango? Wapemba ukiwatajia mchango, wameshatoa hujamaliza sentensi."

Hapo akakaa wima, kama aliyeulizwa swali la mtihani. "Mchango ni hiari. Asiyechanga hafungiwi mlango. Hapa asiyetoa anafungiwa. Ukikiita mchango unasema uongo. Jina lake ni kiingilio, na mimi sitawadanganya watu kwa jina tamu."

"Na kikoa?"

"Kikoa hakina mwenyewe," alisema.

"Na barza ina mwenyewe?"

"Barza kaifungua nani?"

"Weye."

"Na neno la siri liko kwa nani?"

"Kwako."

"Haya."

"Na sauti zilizomo ni za nani, Mwalimu?"

Akatazama pale mwavuli ulipotundikwa. "Sauti zimehifadhiwa."

"Sikuuliza zimefanywa nini. Nimeuliza ni za nani."

"Kunywa chai, Bi Dirishani. Inapoa."

Niliinuka nikaiacha. Kwetu mtu haondoki akaacha chai aliyotiliwa. Ni kama kumpiga mwenyeji. Nililijua hilo, na mkewe aliyekuwa amesimama penye pazia alilijua, na Mwalimu alilijua. Nilitaka walijue.

Tangu siku ile nimefikiri sana kilichotuuma, na naamini ni hiki. Kile tulichokiita cha kwetu kilikuwa kimejengwa kwa vinywa vyetu, na siku moja tuliamka tukaambiwa tumekuwa tukiishi kwa mtu. Aliyetuambia hakuwa mgeni, kwamba tungemlaani tukalala. Alikuwa ndiye aliyetufundisha kwamba maneno yetu yana uzito. Tuliyamimina kwake, halafu akayafungia. Kwa usahihi wake wote, hakuona kwamba amechukua kikoa akakigeuza mkahawa.

Tarehe mosi Agosti, nilipofungua barza, nilikuta picha ya kufuli. Chini yake palikuwa na mahali pa kubonyeza ulipe. Nilikuwa na uwezo. Mpwa wa mume wangu aliyeko Maskati alinipigia: "Bi mkubwa, usihangaike, mie n'takulipia mwaka mzima." Nikamwambia ahsante, hapana. Anayelipiwa ni mgeni, na mimi sitakuwa mgeni wa sauti ya mume wangu. Siku nyingi nilipeleka kidole kwenye kufuli nikakirudisha. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda kwenye tanuri lililopoa, nikarudi, nikasahau nilifuata nini. Niliogopa kitu kimoja, na sikumwambia mtu: kwamba nitaanza kusahau alikwama kwenye herufi gani.

Wachache walilipa, wengi wao walioko Maskati. Wengine wakafungua kikundi kingine cha bure, kisicho na sharti wala msahihishaji, na hazikupita wiki nyingi siasa zikaingia humo zikavua viatu. Ukikutana na mtu sokoni anakuuliza, "Weye uko ipi? Ya kulipa au ya bure?" Nililisikia swali lile nikarudi nyumbani bila kununua kitu. Nilikuwa nimelisikia mwaka 1996, kwa maneno mengine.

Jumatano, tarehe 20 Novemba, dada yake Mwalimu alifariki Makoongwe, kisiwa kidogo kinachoikabili Mkoani, alikokuwa ameolewa. Akazikwa siku ile ile. Mimi nilijua siku ya pili, Alhamisi, na nilijua kwa bahati: mteja wa Bi Mlangoni alikuja kutoka Mkoani kuchukua nguo, akataja msiba akidhani tunajua. Bi Mlangoni aliacha cherehani na gauni la watu chini ya sindano. Tukapanda gari hadi Mkoani, tukavuka.

Nilikuwa nimekwisha kuona misiba mingi. Msiba wa mtu kama yule, dada wa aliyezika mji mzima, ulistahili kujaza kisiwa. Tuliwakuta wenyeji wa Makoongwe na jamaa wachache. Mikeka mingi ilikuwa imekunjwa, haikuhitajika. Mwalimu alikuwa amekaa nje peke yake, kanzu haikupigwa pasi. Tulimpa mkono wa pole. Bi Mlangoni akaingia ndani kwa wanawake. Mimi nikabaki nimesimama.

"Watu wa Chake wamenisusia," alisema. Hakunitazama. "Mie sikupata kumsusia maiti wa mtu. Hata miaka ile. Nilikwenda kote. Wamenisusia kwa dada yangu."

"Hawakususa, Mwalimu. Hawakujua."

"Niliandika. Roho imetoka tu, nikaandika."

"Uliandika wapi?"

"Niliandika bar—" Akakoma. Neno alilikata katikati, mtu ambaye katika maisha yake hakuacha sentensi bila nukta.

Kuku wa watu walipita baina yetu. Ndani wanawake walikuwa wakisoma.

"Na weye hukuiona?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Mimi sijaingia tangu tarehe mosi Agosti."

"Ulishindwa kulipa?"

"La."

Aliufuta uso kwa kiganja, kuanzia kipaji hadi kidevuni. Sikufurahi. Nilikuwa nimejiandaa muda mrefu kufurahi siku atakapofahamu, na siku ilipofika nilimwona mzee aliyemzika dada yake akiwa na safu mbili tu za watu.

"Bi Dirishani," akasema, "kaa."

Nikakaa.

"Niwaite watu," alisema. "Kikao. Waje wote, waliolipa na wasiolipa. Sheha awepo, yaandikwe."

"Ita."

"Watakuja?"

"Ukiwaita nje ya mlango, watakuja."

Shauri lilikwisha rasmi Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2019, katika chumba cha darasa karibu na Gombani, mbele ya sheha, mkuu wa serikali katika shehia yetu. Watu walijaa hadi dirishani. Sheha alikuwa mtu mpole asiyejua mengi ya mitandao, na kila mara aliuliza, "Kwa hiyo hiyo barza iko wapi hasa?" na watu walicheka, na kicheko kile kilisaidia.

Mwalimu alisimama mbele, mahali alipozoea kusimama.

"Sema samahani tusikie!" Bi Mlangoni alimpigia ukelele kutoka nyuma.

"Ngoja, Bi Mlangoni." Akavuta pumzi. "Nimelifikiri lile neno. Neno halikuwa na kosa. Kiingilio ni kiingilio. Kilichokuwa na kosa ni kile kitu chenyewe, na nilikifanya mimi, bila kuwauliza. Kwa hicho, nawaomba radhi. Lakini katika maandishi yenu msiandike kwamba nilitoza mchango. Andikeni nilichotoza."

Halafu Bi Mlangoni akasema, "Kaomba," kama anayekabidhi nguo iliyokwisha, na watu wakapumua.

Tukakubaliana haya, na sheha akayaandika. Barza si ya mtu. Gharama ya mtambo itabebwa kwa zamu, shehia baada ya shehia, na asiyeweza zamu yake itaruka bila kutajwa. Tanzia hazifungwi. Sauti za waliokufa hazifungwi. Neno la siri litakuwa kwa watu watatu, mmoja wao mimi. Mwalimu alitunong'oneza neno hilo sisi watatu, mmoja mmoja, kisha akatoa simu yake mfukoni mwa kanzu, akaondoa kufuli mbele ya macho ya watu. Simu zikalia chumba kizima.

"Si usikilize sasa," Bi Mlangoni aliniambia akinigusa kiwiko.

"Si hapa," nikasema, nikaitia simu pochini na kuishika kwa mikono miwili.

Lilibaki jambo moja. Sheha alikuwa anataka kufunga maandishi yake, na kalamu ilikuwa imesimama.

"Na Mwalimu mwenyewe," aliuliza, "tumwandike nani? Mwasisi? Mlezi?"

Watu walitazamana. Wengine walitaka hata mlezi asiwe.

"Mwanachama," Mwalimu akasema.

"Mwanachama wa namna gani?"

Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu 1996 niliona anangoja jibu asilolijua.

"Mwanachama," nikasema. "Sawa na wengine."

Sheha akaandika polepole, akisema kila neno anapolitia. "Mwa-na-cha-ma... sawa na... Niandike 'sawa na nyinyi nyote'?"

"Sote, Sheha," akasema Mwalimu. "Andika 'sawa na sisi sote'."